Mteja akikutukana, si kazi yako kuwa sugu

*"Nina miaka 26, nauza katika duka la jumla na rejareja karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma, mwaka wa pili sasa. Kazi naipenda ila wateja wananimaliza. Wapo wanaonirushia hela kwenye kaunta, wapo wasioitikia hata salamu. Mwezi uliopita mteja mmoja alisema amelipa kwa lipa namba. Ujumbe haukuwa umeingia kwenye simu ya duka, nikamwomba asubiri. Akaniita mwizi mbele ya foleni nzima, akabeba dumu lake la mafuta akaondoka. Hela haikuingia mpaka leo, na bosi akanikata 32,000 kwenye mshahara. Kuna mwingine, mtu mzima wa heshima zake, anakuja karibu kila Jumamosi. Kwa kuwa anajua mimi ni Mgogo, ananiuliza kama nimeshaacha kuombaomba, watu wanacheka. Bosi anasema mteja ni mfalme, nivumilie. Siku hizi nikiamka kwenda kazini tumbo linauma, jioni nawafokea wadogo zangu bila sababu. Wenzangu wanasema nina moyo mwepesi. Nifanyeje niwe sugu? Na je, kuna wakati ninaruhusiwa kumjibu mteja?"*

Pole sana, dada yangu. Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kama tatizo ni wewe, namna ya kujikinga ukiwa kaunta, na haki yako iko wapi. Hilo la kwanza nalijibu moja kwa moja. Tatizo si moyo wako. Na usugu unaoutaka, mimi sikutakii. Wauzaji wengi ninaokaa nao kwa ushauri wanaomba kitu hicho hicho, na waliofanikiwa kukipata hawakuweza kukiacha dukani wanapofunga. Mtu akijizoesha kutosikia chochote kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, hata mtoto wake akimwita jioni hasikii. Wewe unawafokea wadogo zako na inakuuma, maana yake bado unasikia. Hicho ndicho tunachotaka kukilinda.

Tuangalie kwanza kinachotokea mwilini. Mtu akikupandishia sauti kwa karibu, tena mbele ya watu, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala huitambua hatari kabla wewe hujapata nafasi ya kufikiri. Mwili unamwaga adrenalini: moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, tumbo linakaza, maneno yanapotea. Huo ni mwili unaojiandaa kupigana au kukimbia, na uwezo wa kupanga hoja unapungua kwa muda. Ndiyo maana jibu zuri linakujia saa nzima baadaye, ukiwa kwenye daladala. Hali hii humpata polisi, humpata mwalimu, humpata na huyo mwenzako anayekuita mwepesi. Tofauti yenu huenda ni kwamba yeye anakaa stoo na wewe unakaa kaunta.

Sasa ongeza jambo la pili, ambalo ndilo linalochosha zaidi. Wakati mwili unataka kukimbia au kupigana, kazi inakutaka usimame palepale na utabasamu. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, baada ya kuwachunguza wahudumu wa ndege, alieleza kwamba kupanga hisia zako ili mteja ajisikie vizuri ni kazi kamili, inayotumia nguvu kama kubeba magunia, ila haionekani na hailipwi kwa jina lake. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kuwa kinachomaliza watu hasa ni kuvaa tabasamu usoni huku ndani unachemka, siku baada ya siku. Kwa hiyo ukirudi nyumbani umechoka kuliko yule aliyeshusha mizigo, hujidanganyi. Umefanya kazi mbili.

Niseme na kuhusu huyo mzee wa Jumamosi, maana naona wengi watakuambia ni utani tu. Sisi tuliokulia huku tunaujua utani. Wagogo wana watani wao, Wanyamwezi wakiwemo, na mtani anaweza kukusema hata msibani ukacheka. Lakini utani una masharti yake. Wa kwanza kusema anajua kwamba na yeye atasemwa, tena kwa ukali uleule, na hakuna atakayenuna. Wewe ukiwa kaunta huwezi kumrudishia. Ukijaribu, ataitwa bosi. Basi pale ambapo mmoja tu ndiye mwenye ruhusa ya kusema, masharti ya utani yameshavunjika, na kinachobaki ni mtu mzima kumdhalilisha msichana wa kazi kwa kabila lake. Una haki ya kuumia. Huo uzushi kuhusu Wagogo na kuomba umewaumiza watu wengi katika mkoa huu, watu wanaolima uwele na zabibu kwenye ardhi ya ukame na kulisha familia zao.

Bosi wako naye anasema mteja ni mfalme. Simlaumu sana, wafanyabiashara wengi wamelelewa na usemi huo. Usemi ndugu yake, ule wa kwamba mteja ana haki siku zote, ulisambaa mwanzoni mwa karne ya 20 kupitia maduka makubwa ya Marekani na Uingereza. Wanaotajwa zaidi ni Marshall Field wa Chicago na Harry Gordon Selfridge, aliyemfanyia kazi Field kabla ya kufungua duka lake London mwaka 1909. Wakati ule mnunuzi akiuziwa kitu kibovu aliambiwa shauri yake. Wenye maduka hao waliamua kumsikiliza, kumbadilishia bidhaa na kumrudishia fedha yake. Mambo yote hayo yalihusu bidhaa na pesa. Kumpa mteja ruhusa ya kumtukana muuzaji ni nyongeza tuliyoiweka wenyewe, na haimletei mwenye duka faida. Muuzaji aliyevunjika moyo anakosea chenji, anakosea hesabu za mzigo, na mwisho anaondoka na uzoefu wake wote.

Sasa tuje kaunta. Ukielewa kinachowasha moto, nusu ya moto utauzima mapema. Kwa ninavyoona, wateja wengi wakali hawaji na ukali kutoka nyumbani. Wanapandishwa na mambo mawili: kusubiri bila kujua mpaka lini, na aibu. La aibu ndilo watu hawalioni. Mtu amepakia vitu, foleni ipo nyuma yake, anabonyeza simu, salio halitoshi. Badala ya kusema hana, anakugeukia wewe: mtandao wenu mbovu, bei mmepandisha, wewe binti una dharau. Hapo ukimjibu kwa sauti "salio lako halitoshi, mama", umemwagia petroli. Shusha sauti, sogea karibu kidogo, mwambie, "Mama, nikuwekee mzigo pembeni, ukiwa tayari nitakupa bila kupanga foleni." Umempa mlango wa kutokea na hadhi yake mkononi. Nimeona wateja wa namna hiyo wakirudi kesho yake wakiwa wapole kabisa.

Na Dodoma yetu imebadilika haraka. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa kwa nguvu mwaka 2016, na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, duka lililokuwa likihudumia majirani waliojuana kwa majina sasa linapokea wageni kutoka kila kona. Wakati wa Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, mji unajaa zaidi. Watu wana haraka, hawakujui, na wengine wamezoea kupigiwa saluti huko walikotoka, kwa hiyo utasikia "unanijua mimi ni nani?" Usilijibu swali hilo. Jibu shida yake tu: "Nimekusikia, mheshimiwa. Naangalia sasa hivi." Cheo chake ukipe heshima, lakini kisiguse hesabu.

Katika dakika ya kwanza ya ugomvi, yanayosaidia ni machache. Mwache amalize sentensi yake. Rudia shida yake kwa maneno machache ili ajue imefika: "Unasema umelipa na ujumbe umeupata." Sema unachofanya na kitachukua muda gani. Kama umekosea, omba samahani mara moja, kwa kosa hilo, basi. Samahani kumi mfululizo zinamfanya anayefoka aamini kwamba kweli kuna jambo kubwa ulilofanya. Na epuka kumwambia mtu "tulia" au "punguza hasira". Sijawahi kuona aliyetulia kwa kuambiwa hivyo.

Hilo la muamala nataka tulikazie, maana limekugharimu fedha. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si uthibitisho wa malipo. Ujumbe unaweza kutengenezwa, namba inaweza kukosewa, na wakati mwingine mtandao umechelewa kweli na mteja ni mkweli kabisa. Uthibitisho uko upande wa duka: ujumbe kwenye simu ya lipa namba, au salio na orodha ya miamala ukiifungua kwenye menyu. Kwa hiyo simu hiyo lazima ikae kwa anayepokea malipo, si mfukoni mwa bosi. Tena bandikeni karatasi kaunta, kwa maandishi makubwa: "Mzigo unatoka baada ya malipo kuonekana kwenye simu ya duka. Asante kwa kusubiri." Ukishakuwa na karatasi hiyo, huna haja ya kumwambia mtu humwamini. Unanyoosha kidole tu, na utaratibu unakuwa wa duka badala ya kuwa wako. Na akibeba mzigo kwa nguvu, mwache aende. Usimshike, usimfuate nje, usimnyang'anye. Angalia amevaa nini na ameelekea wapi, mwite bosi. Dumu la mafuta halilingani na meno yako.

Umeuliza kama unaruhusiwa kumjibu. Kumjibu, ndiyo. Kumtukana, hapana, na sababu yangu si adabu pekee. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89, inalifanya kuwa kosa kutumia lugha ya matusi kwa namna inayoweza kuvunja amani. Kifungu hicho kinakulinda wewe, lakini kinaweza kukugeukia ukirudisha tusi mbele ya mashahidi. Jibu linalofaa ni fupi, lina heshima, na lina mpaka ndani yake. "Baba, nitakuhudumia vizuri, ila matusi hapana." Liseme mara moja, kwa sauti ya kawaida, ukimtazama. Akiendelea, "Naomba mwenzangu akuhudumie," kisha ondoka kaunta kweli. Usibaki pembeni ukisikiliza.

Kwa huyo mzee wa Jumamosi ningekushauri usimsubiri aanze. Akiingia tu, mpe shikamoo yake kwa sauti ya kusikika, muulize anahitaji nini, mhudumie kwa haraka. Akileta neno lake, usicheke. Najua mkono wa mazoea unakusukuma ucheke ili yaishe, lakini kicheko chako ndicho kinachowapa wengine ruhusa. Mwambie, "Mzee wangu, neno hilo linaniumiza, naomba tusirudie." Mbele ya watu mtu mzima akiombwa hivyo kwa heshima, mara nyingi hunyamaza. Naweza kukosea kuhusu mzee huyu, wapo wanaozidisha wakiombwa. Akizidisha, suala limetoka mikononi mwako na ni la bosi wako kumwambia, mwanaume kwa mwanaume au mfanyabiashara kwa mteja wake.

Baada ya ugomvi, mwili unahitaji muda wa kushuka, na hautashuka kwa kuamriwa. Omba dakika tano, nenda stoo au nje kivulini, kunywa maji. Vuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne, itoe taratibu kwa kuhesabu hadi sita au saba, mara kadhaa. Kutoa pumzi ndefu kunaamsha mishipa ya fahamu inayopunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo si ushauri wa kukufariji tu. Halafu fanya kazi ya mikono: panga rafu, pima sukari.

Kuna ushauri mmoja wa mtaani ambao naomba uuache, ule wa kutoa hasira kwa kusimulia kisa upya kwa kila anayeingia. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha jaribio ambalo watu waliochokozwa walipewa mfuko wa ndondi waupige. Waliopiga huku wakimfikiria mchokozi waliishia na hasira kubwa kuliko waliokaa kimya bila kufanya lolote. Kila ukisimulia, mwili unalipata tusi upya. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, mara moja, na umalize kwa swali la "nifanye nini ikitokea tena?" Ukifika nyumbani, kabla hujaingia, kaa nje dakika chache. Wadogo zako waambie ukweli: leo kazini nimetukanwa, nikinyamaza si kwa sababu yenu. Watoto wanaelewa kuliko tunavyodhani.

Yote niliyosema hapo juu, hata hivyo, yanakupa nafuu ya sehemu tu. Mtu mwenye uwezo wa kubadilisha maisha yako ya kaunta ni bosi. Tafuta wakati ambao hesabu za siku zimeshafungwa na mauzo yalikuwa mazuri, si katikati ya foleni. Nenda na daftari. Kuanzia leo andika kila tukio: tarehe, saa, kilichosemwa, nani alikuwepo, mzigo na kiasi. Bosi anayesikia "wateja wananionea" atasema vumilia. Bosi anayesoma matukio yaliyoandikwa, na miamala miwili kati yake ikiwa ya wizi, anaanza kufikiria kama mfanyabiashara. Muombe mambo yanayowezekana: simu ya lipa namba ikae kaunta, karatasi ibandikwe, na mteja akitukana mara ya pili umwite yeye naye aje. Hilo la kuja ndilo kubwa kuliko yote. Mteja akishaona mwenye duka amesimama upande wako, hata kwa kimya, lugha hubadilika.

Kuhusu ile 32,000, ujue sheria inasemaje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara kwa kuamka tu na kuamua. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi na hesabu yake, akupe nafasi ya kupinga, na wewe ukubali deni hilo kwa maandishi. Hata hapo, makato yasizidi robo ya ujira wako. Kwa maelezo yako, wewe ulimwomba mteja asubiri, naye akabeba mzigo kwa nguvu. Silioni kosa lako hapo. Mkishindwa kuelewana, mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo hapa Dodoma ipo, na mgogoro wa aina hii unapaswa kufikishwa ndani ya siku 60. Chama cha wafanyakazi wa biashara, TUICO, kinaweza kukuelekeza.

Lakini nisikudanganye. Kumpeleka mwajiri kwenye Tume huku bado unaamka kwenda dukani kwake kila siku ni jambo zito, hasa kwenye duka la familia ambako hamkuandikiana mkataba. Sheria iko upande wako, ila uhusiano unaweza kuharibika kabla haki haijapatikana. Wengine huona 32,000 haifai vita hiyo, na siwezi kusema wamekosea. Ningeanza na mazungumzo, nikiitaja sheria kwa upole, hata kama lengo ni kuzuia makato yajayo tu. Kama baada ya miezi michache hakuna kilichobadilika, au bosi mwenyewe ndiye anayetukana, anza kutafuta kwingine ukiwa bado na mshahara. Miaka yako miwili ya kaunta, hesabu na lipa namba inatafutwa na maduka mengi ya mji huu unaokua, kuanzia Nkuhungu mpaka Kisasa.

Yapo mambo ambayo hayasubiri mazungumzo. Mteja akikugusa mwili, akikuahidi hela kwa kitu kingine, akikusubiri nje baada ya kazi au akikutishia kukupiga, nenda polisi, uliza dawati la jinsia na watoto. Mwenyekiti wa mtaa wako naye ajue.

Mwisho, tumbo lako. Usilichukulie kuwa ni mawazo tu mpaka lipimwe. Nenda kituo cha afya wakuangalie vidonda vya tumbo na mengine, na mwambie daktari kwamba linaanza asubuhi za kazi, kwa sababu hilo litamsaidia. Kama usingizi umepotea kwa wiki mbili au zaidi, unalia bila kujizuia, chakula hakipiti, au umeanza kufikiri kwamba bora usingekuwepo, usingoje siku ya mapumziko. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma inapokea wagonjwa wa namna hiyo, na Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma, pia. Najua jina la Mirembe linavyotumika mitaani kama tusi, na najua kuna watu wameteseka nyumbani kwa miaka kwa kuogopa kuonekana getini pale. Ni hospitali. Watu wanaingia asubuhi kuzungumza na mtaalamu, wanapewa tarehe ya kurudi, na mchana wapo kazini kwao. Ukitaka mtu wa kukusindikiza, mchague mmoja asiye wa dukani, na mwambie daktari yote uliyoniandikia mimi.